Nimelainika au Nimelegea?

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Kwako kaka yangu mpenzi Abdulmalik,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Namshukuru Mola aliyeniamsha leo nikiwa na mkono unaoweza kushika kalamu, maana jana uliikataa. Vipi hali yako huko Kivinje? Yale macho yanaendeleaje tangu ulipotolewa mtoto wa jicho, unaona sasa kusoma bila kusogeza karatasi mbali? Mama Amira na miguu yake je? Na Amira mwenyewe, amekwisha kujifungua au bado anawaweka roho juu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Najma anakuamkia, shikamoo mjomba, na anasema zile korosho ulizotuma zililiwa na mama peke yake. Msimwamini.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Najma kanicheka, kasema mama si umtumie mjomba sauti tu kwa simu. Nimejaribu kaka. Nimeweka kidole pale, nikasema bismillahi, nikafuta. Nikasema tena, nikafuta. Halafu nakujua wewe kwenye simu, kabla sijafika katikati utakuwa umekwisha kunijibu. Barua huwezi kuikatiza. Nakuomba uisome mpaka ufike kwenye jina langu, ndipo useme neno.

Nina neno linanisumbua. Ni neno dogo, tunalitumia kila siku mpaka hatulioni: kulainika. Mkate unalainika, ngozi inalainika, mtu naye analainika. Hizi kanga ninazouza, zikitoka kwenye robota zina wanga, ngumu kama mbao, na mteja akilalamika namwambia mama kaifue mara mbili tu, italainika yenyewe. Nimelisema neno hilo miaka yote bila kujiuliza limetoka wapi. Sasa limenigeukia mimi mwenyewe, na sijui kama ni sifa au tusi. Wewe ndiye uliyenifundisha alifu kwa kijiti mchangani, na darasa la saba nililomaliza mimi halifiki huko. Ila si neno tu, kaka. Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Unamkumbuka Severa, Mama Rogath, Mchagga wa Rombo mwenye duka la mapazia, yule tuliyegawana naye ukuta. Ulipokuwa ukija dukani ulikuwa unamtania kwamba mapazia yake yanaficha watu wasioswali. Mimi nikienda kuswali yeye ndiye aliyekuwa akiniuzia, yeye akienda Misa nami namuuzia. Kila Desemba akipanda basi kwenda kwao, funguo zake zilikuwa zinalala chini ya mto wangu. Najma alipougua surua akiwa mdogo, ni Severa aliyembeba mgongoni siku nzima huku anapima mapazia. Sikuwa na dada, Mungu akanipa huyo, Mkristo. Wewe mwenyewe ulisema hivyo.

Siku ile aliyofariki mume wangu Sadalla unaijua kuliko mtu yeyote, lakini niache nikusimulie kwa upande wangu, maana hujapata kuniuliza.

Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mume wangu alikuwa Magomeni kwa dada yake, Wifi Tatu, kupumzisha kifua, nawe ulikuwa pale pale kwa ajili ya macho yako. Nilifurahi mko pamoja, maana nyinyi mlikuwa marafiki kabla mimi sijawa mke wa mtu. Nilifungua duka kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia nenda, Idd ya kuchinja imekaribia, mimi sijambo. Umeme wa fremu yangu ulikuwa umekwisha, nikampa Severa simu yangu aichaji kwake.

Asubuhi ile Severa akawa haeleweki. Aliniletea chai na chapati, akanisimamia nile yote kama mtoto wa chekechea. Akaniita niende stoo yake nimsaidie kukunja mapazia ambayo yalikuwa yamekunjwa tayari. Kila nikitaka kutoka ananipa jingine. Akateremsha mlango nusu, nikamuuliza vipi tena, akasema mvua. Mara akanishika mkono, akasema Mama Najma tusali kidogo, kila mtu kwa dini yake. Nikacheka! Nikamwambia leo umeokoka nini. Kaka, nilicheka, na mume wangu alikuwa amelazwa kwenye shuka Magomeni.

Alasiri ilipoadhiniwa ndipo alipopiga magoti mbele yangu, akaniambia. Nilitoka sina kiatu kimoja. Jangwani maji yalikuwa yamefunga barabara, mwenye bajaji akanizungusha kwa daraja la Salenda, na nilipofika Magomeni wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, viatu vimejaa matope. Mume wangu alikuwa ameshazikwa. Nilimwacha akiwa ananitania kuhusu kitambaa changu cha kichwa, nikarudi nikakuta mkeka umekunjwa.

Wifi Tatu akanipokea kwa kilio, na katikati ya kilio akasema simu ilipigwa asubuhi, akapokea huyo Mchagga wako, akakufichia. Nawe ulikuwa umesimama pale pale, hukusema kitu.

Sitaki kukuficha nilichokifanya. Severa alikuja na bajaji nyingine nyuma yangu, na shuka mkononi la kunitandikia. Nilimkuta uani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwao mfiwa haambiwi hivihivi, anashikwa kwanza, analishwa, anapata nguvu, na yeye hakujua kabisa kwamba sisi tunazika upesi namna ile, kwao watu hukaa siku na siku wakingoja ndugu kutoka kila mahali. Nikamwambia mbele ya wanawake wote: wewe si jirani, wewe ni mwizi, umeniibia uso wa mume wangu. Alilikunja lile shuka, akaliweka juu ya ndoo, akaondoka.

Nikakaa eda nyumbani kwangu, Wifi Tatu akiwa nami. Siku moja nikiwa ndani nasikia hodi, lakini hodi ya mara moja tu, kisha kimya. Nikachungulia kwa pembeni ya pazia. Namwona Polycarp, mume wa Severa, amevaa koti na jua lote lile, na mzee mmoja simjui, na Severa nyuma yao amejifunika kichwa. Hawasemi. Polycarp ameshika jani moja refu la kijani kwa mikono miwili, limefungwa fundo.

Mimi sikuweza kutoka, niko edani na wale ni wanaume. Alitoka Wifi Tatu. Akawauliza shida yenu nini. Polycarp akasema tumekuja na hili, akanyoosha mikono. Basi tu, hakuongeza. Unamjua Wifi Tatu. Alilishika lile jani kwa ncha ya kanga kama anashika panya aliyekufa, akasema makubwa haya, mmeua kwa kunyamaza sasa mmekuja kumalizia kwa fundo! Akalitupa mtaroni. Akarudi ndani akasoma visomo kwenye kizingiti, akamwaga maji, akaniambia wifi yangu, lile si jani, lile ni kombora, Mungu kakunusuru. Na mimi, kaka, nilimwona Severa anavyolitazama lile jani likielea na maganda ya machungwa, nikaona raha. Raha kabisa. Nikasema na yeye aone.

Eda ikaisha, nikarudi dukani. Wateja wangu wakanipokea kwa vigelegele, mmoja akasema tulidhani umeolewa Uarabuni. Lakini upande wa pili wa ukuta kimya. Severa haniamkii, hanitazami. Nikisogea barazani yeye anaingia ndani. Nikasema huyu mwanamke ana jeuri, kosa lake, na kununa anune yeye. Mlangoni pake kumebandikwa karatasi, DUKA LINAHAMA. Nikajifanya sijaisoma. Usiku nikawa silali. Nikiswali nakosea rakaa. Nikisema Allahu Akbar naona lile shuka juu ya ndoo.

Kwenye baraza letu kuna fundi cherehani, Melkiori, mzee mmoja wa huko huko Rombo, anayepinda mapazia ya Severa na mabuibui yangu. Yeye hakuegemea upande, ila alikuwa hapigi tena soga. Siku moja alikuwa ananipimia buibui la mteja, ghafla akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli tulilitupa isale. Nikamwambia isale ndiyo nini? Akaacha kupima. Akashika kichwa. Akasema Mama Najma, basi hukujua?

Akanieleza. Isale ni mmea wao, wanaupanda mpakani mwa mashamba, wanaupanda na makaburini kwa wazee. Mtu akikukosea kosa kubwa, hata kama amekuulia mtu wako, anachuma jani la isale, analifunga fundo, anakuja na mtu mzima, wanasimama mlangoni kwako. Maneno si mengi, kwa sababu maneno yamekwisha kuharibika. Jani linasema kwa niaba yao. Na kwao jani hilo halikataliwi. Tangu zamani, alisema, hajasikia mtu mwenye akili zake akalikataa, wanaamini anayelikataa anajiitia balaa, yeye na uzao wake. Nikamuuliza, sasa Severa ananunia nini? Akasema hanuni. Anakuogopea wewe. Na kanisani hapokei tena komunyo, anabaki kwenye benchi wenzake wakienda mbele, anasema hajapatana na jirani yake. Mwisho wa mwezi anarudi Rombo moja kwa moja.

Nikamuuliza, sasa jani hilo lilikuwa linanitaka nini? Akafikiri, akasema hivi: halikuulizi nani ana haki, mama. Linakuomba ulainike.

Hapo ndipo lilipoingia lile neno, likakataa kutoka.

Nilipomwambia Wifi Tatu, alikuja juu. Akasema ukimsamehe umelegea. Mjane akianza kulegea mapema hivi watu watamkalia kichwani, leo Mchagga, kesho mwenye nyumba. Nikasema fundi kasema kulainika, hakusema kulegea. Akasema ni kitu kile kile, muulize mwanamume yeyote. Nami nilikuwa sijui kama si kitu kile kile.

Alhamisi nikalipeleka kwenye darsa letu la wanawake. Nikamuuliza Ustadhi, hili neno kulainika ni la wapi, na lina ubaya? Akafurahi, anapenda maswali ya maneno. Akasema laini tumeipata kwa Waarabu, ilikuja na dini na biashara, na kwenye mafundisho ina heshima kubwa. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni, mtu katili vile, aliamrishwa aende na maneno laini. Mtume wetu alisifiwa kwa ulaini wake kwa watu, wangemkimbia kama angekuwa mgumu wa moyo. Na Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akakifua kwa mikono yake kikawa dirii ya kuwakinga watu vitani. Kote huko, akasema, ni neno lile lile. Kulegea siyo la Waarabu, ni letu wenyewe, ni neno la kamba. Kamba ikilegea haifungi tena kitu, mzigo unaanguka. Lakini chuma kikilainika ndipo kinapofaa kwa kazi. Halafu akasema jambo lililonichoma: kinacholainika ni kile kilichokuwa kigumu. Maji hayalainiki.

Mwanamke mmoja wa mtaa wa Gerezani akanyoosha mkono akauliza, basi Ustadhi, na mume mgumu analainishwa kwa uradi gani? Tulicheka mpaka Ustadhi akagonga meza. Lakini nilitoka pale na kichwa kizito kuliko nilivyoingia. Maana mimi nitajuaje nikoje? Kwa ndani, kaka, havina tofauti. Moyo ukianza kushuka unashuka tu, hauna kibandiko kwamba huku ni kulainika na huku ni kulegea. Nilipomrudishia Wifi Tatu kisa cha chuma akacheka, akasema chuma kililainishwa na Mungu kwa mkono wa Nabii, wewe unalainishwa na Mchagga kwa jani la uzio.

Hata hivyo nikaamua. Sijui nilivyoamua. Nilikuwa nimemaliza Alfajiri, nikajikuta navaa. Nikaenda kwa wauza miche kando ya barabara, Upanga, nikaanza kuangalia majani moja moja mpaka nikaliona. Kijana akaniambia mama hilo ni ua la ofisini, unataka na chungu chake? Nikamwambia nataka jani moja. Akanitazama juu mpaka chini, akasema jani moja nakupa bure, ila tafadhali usiniroge. Nikalifunga fundo nikiwa natembea. Sikujua linafungwaje, nikalifunga kama tunavyofunga hela kwenye pindo la kanga.

Nilifika watu ndiyo wanafungua maduka. Severa alikuwa ndani anapakia mapazia kwenye viroba. Nikasimama mlangoni, nikapiga hodi moja kama wao, nikalinyoosha jani kwa mikono miwili. Melkiori akaangusha mkasi. Nikamsikia anasema Mungu wangu, huyu mama amegeuza dunia. Kumbe kaka, nilikosea! Isale hupelekwa na mkosaji kwa aliyekosewa. Fundi alinieleza, lakini mimi nilidhani ni jani la kupatana tu, yeyote anaweza kulibeba. Kwa desturi yao mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale kuomba radhi. Wachagga wa maduka ya mbele wakatoka wote, na mpagazi mmoja akapiga ukelele, jamani, leo Waswahili wamekuja kuposa!

Severa hakunyoosha mkono. Aliniangalia, akaliangalia jani, midomo inacheza. Akasema, Mama Najma, hilo si lako kulibeba. Nikamwambia sijui ni la nani, la kwako lilitupwa, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikafurahi, lipokee mkono unachoka. Akalipokea kwa mikono miwili. Halafu nikaona anashuka chini, nami nikashuka, tukakaa katikati ya viroba kama watoto, tunalia, mteja amesimama juu yetu anauliza pazia la dirisha mita ngapi.

Nikamwambia, kosa lako nimelisamehe. Hapo ndipo Melkiori aliposhindwa. Akasema kwa nguvu, hapana, hii sasa imezidi, Mama Rogath hana kosa la kusamehewa! Severa akamgeukia kwa Kichagga, maneno makali, nadhani alimwambia anyamaze. Mzee hakunyamaza. Akasema yeye alikuwa barazani asubuhi ile, simu ilipolia. Alimsikia Severa akipokea, akimlilia mtu, halafu akisema: sawa kaka Abdulmalik, nitamshika hapa hapa, simwambii, mpaka uje umchukue mwenyewe. Na akamsikia adhuhuri akipiga tena na tena, simu haipokelewi.

Nilimwangalia Severa anikanushie. Hakukanusha. Nikamuuliza kwa nini ulikubali nikuite mwizi. Akasema, mume alikuwa amekwisha kukutoka, ningekuondolea na kaka?

Sasa unajua kwa nini mkono uliikataa kalamu. Usiogope, soma tu.

Sina hakika ya kilichotokea upande wako, kaka. Nimekigeuza kila namna. Labda ulikuwa unakuja, ukakuta Jangwani imefungwa, ukarudi. Lakini mimi nilipita kwa Salenda. Labda Wifi Tatu na wazee walikushurutisha, maiti haingojwi, nawe ukaona aibu kusema ngojeni dada yangu. Labda hukuweza kustahimili kuniona nikimwona. Hilo la mwisho ndilo ninalolala nalo, kwa sababu nakujua. Wewe ndiye uliyeniozesha kwake. Ulipomzika ulizika rafiki yako. Lakini kilichonikata si maziko. Kilichonikata ni uani, mimi nikimwita yule mwanamke mwizi, na wewe upo, na unajua, na unanyamaza.

Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, naomba unifikirie. Nilihangaika na moyo wangu miezi yote hiyo. Nikauliza fundi, nikauliza Ustadhi, nikaomba Mungu usiku. Nikalainika, au nikalegea, kwa mtu ambaye kumbe hakunikosea. Msamaha nilioutoa haukuwa na wa kumpa. Uliondoka kwangu ukakosa mlango. Wifi Tatu nilipomwambia alikaa chini. Alijua ulipiga simu, hakujua ulisema nini. Baadaye akaniuliza, kwa kaka yako je, utakuwa chuma au kamba? Nikamwambia sijui, na ni kweli sijui. Kuna saa nataka nikae mgumu mwaka mzima uone. Kuna saa nakumbuka ulivyonibeba begani kuvuka maji ya bamvua tukienda chuo cha Kurani, nashindwa. Nikishindwa ndiyo nimelainika? Au nimechoka tu? Ustadhi hakufika huko.

Severa amebandua ile karatasi mlangoni. Juzi Jumapili alirudi kutoka kanisani uso mwingine, nikajua amepokea komunyo. Anakusalimu. Amesema nikuandikie wazi kwamba yeye hakukutaja, ni Melkiori.

Sikuandikii ili unieleze. Usinitumie maelezo, wala usitume mtu. Njoo wewe, kabla mvua hazijafunga barabara ya kusini. Chumba kipo. Ukifika tutakwenda Magomeni, mimi na wewe peke yetu. Najua utasema wanawake hawaingii makaburini, sawa, nitasimama nje ya ukuta, wewe uingie uninyooshee kidole alipolala, maana mpaka leo hakuna aliyenionesha. Kisha tutakaa mahali, unisimulie. Wewe ndiye uliyeshuka naye kaburini, ndiye uliyemfunua shavu. Wewe ndiye wa mwisho kuuona ule uso, kaka, na mimi sina pengine pa kwenda kuuuliza. Alikuwaje? Alikuwa ametulia? Ndevu zake mlizichana? Hilo nataka nilisikie kwako, tena usinipunguzie hata kidogo. Hayo mengine, ya nani alaumiwe, nikiyasikia au nisiyasikie, moyo wangu utajua wenyewe pa kwenda.

Nisalimie Mama Amira, mwambie miguu aiweke juu ya mto akilala. Mpe Amira dua zangu, Mungu amfungulie salama. Wasalimie wote wa nyumba ya mbele na wale wa msikitini wanaonikumbuka. Najma anakuamkia tena, na Wifi Tatu naye kasema nikuandikie salamu zake, kavukavu, lakini kasema.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani mpaka nikuone.

Ni mimi mdogo wako,
Maimuna.